Kreti Aliyoikalia Wifi Yangu

Kambini Dzaleka, kambi ya wakimbizi huku Malawi, barua haiandikwi kwa mtu, inaandikwa kwa ofisi. Mimi ndiye ninayewaandikia majirani wa upande wetu, kwa sababu nilisomea ualimu Bukavu kabla mambo hayajaharibika, na kwa sababu mwandiko wangu unasomeka hata na mtu aliyesahau miwani nyumbani. Wananijia na daftari la mtoto, tunachomoa karatasi ya katikati, tunaanza. Huyu anaomba turubai maana paa linavuja, yule anaomba kesi yake iangaliwe upya. Zote zinakwenda njia moja: jina, nambari ya familia, halafu mstari wa Obje unaotaja shida, halafu mateso kwa mpangilio tangu Kongo mpaka leo, na mwisho tunaomba kwa unyenyekevu. Masimulizi hayo ya mateso sisi tunayaita resi. Nimeandika resi za watu mpaka naweza kuandika moja huku nasonga nsima.

Basi siku muuguzi mmoja wa Lilongwe aliposema kila mtu wa familia amwandikie kaka yangu barua, wote waligeuka wakaniangalia mimi. Nikawaambia haina shida, nipeni siku chache.

Kaka yangu, ambaye sisi watu wa Bukavu tunamwita yaya kwa kuwa ndiye mkubwa, ni fundi cherehani. Anashonea kibarazani karibu na soko la kambi, na kuna miaka ambayo hakuna bibi harusi wa Dzaleka aliyeingia kanisani bila kupita kwenye futi yake ya kupimia. Ndiye aliyenilea. Mama alipofariki, na baba akamfuata, yaya alikuwa kijana ambaye ndevu zake bado unazihesabu, lakini alinishika mkono na hakuuachia mpaka nilipoolewa, na hata siku hiyo aliuachia kwa kinyongo.

Kisha kachasu ikamshika yeye. Hiyo ni pombe kali inayopikwa vijijini huku Malawi, inafika kambini ndani ya chupa kuukuu za soda, na harufu yake inatangulia kufika. Sitaki kumtafutia yaya visababu. Watu wanasema ni vita, wanasema ni kungoja safari ya ng'ambo isiyokuja. Sote tumengoja, na wengine tumenenepa kwa kungoja. Alianza na kikombe kimoja baada ya kazi, pamoja na wateja, halafu kazi ikawa ndiyo inayokuja baada ya kikombe. Alimshonea mzee wa kanisa suruali yenye miguu miwili ya kushoto. Tulicheka. Mzee mwenyewe alicheka, Mungu ambariki, akaivaa hivyo hivyo shambani. Lakini macho ya yaya yalipogeuka manjano na tumbo likaanza kuvimba huku mikono ikikonda, hakuna aliyecheka tena.

Mke wake, wifi yangu, ndiye aliyemtafutia kibali cha kutoka kambini akampeleka hospitali Lilongwe. Muuguzi alimvuta pembeni akamwambia kwa Chichewa, polepole, ili asipoteze neno: ini limechoka, na mtu huyu akiendelea hivi hataona mavuno yajayo. Akamwambia pia kuna nyumba Area 47, mtaa wa huko huko mjini, ambako watu wa kanisa fulani wanawapokea walevi wanaotaka kuacha, na daktari anapita kuwaangalia, maana kuacha ghafla peke yako nako kunaweza kuua. Kitanda kimoja kingekuwa wazi Jumatatu. Asipotokea, anapewa mwingine. Na hawampokei mtu aliyesukumwa: lazima akubali kwa mdomo wake mwenyewe mbele ya jamaa zake.

"Muandike," muuguzi alisema, "kwa sababu mkizungumza tu mtagombana. Kila mmoja karatasi moja. Mueleze mlichokiona, muombe mnachokiomba, halafu mnyamaze."

Nilikaa jikoni kwa wifi Alhamisi mchana, yeye anachambua maharage, mimi na karatasi yangu gotini. Kalamu ilikimbia. Nilipomaliza nilijisikia vizuri kama mtu aliyefua nguo zote za nyumba. Nikamsomea.

Wifi aliacha maharage. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono kwenye kitenge, akauliza, "Wifi, hii barua iko ya nani?"

"Ya yaya."

"Aah. Mi nilifikiri ni ya ofisi. Ukimusomea hii, atauliza intavyuu iko siku gani."

Nilitaka kukasirika, lakini nilipoiangalia karatasi niliona ukweli wake. Juu kabisa nilikuwa nimeandika jina lake na nambari ya familia. Chini yake, Obje: Ulevi. Halafu madhara, la kwanza, la pili, la tatu, yamepangwa vizuri mpaka kwenye suruali ya mzee wa kanisa. Na mwisho nilikuwa nimemwomba ndugu yangu wa tumbo moja, kwa heshima na unyenyekevu, aipokee kesi yetu na kuishughulikia. Nilikuwa nimemwandikia mtu aliyenifunga kamba za viatu kana kwamba sijawahi kumwona. Tulicheka mimi na wifi mpaka maharage yakamwagika, halafu wifi akaanza kulia, na mimi nikalia, na mtoto wake wa pili akachungulia mlangoni akaondoka zake bila kuuliza.

"Anajua anakunywa," wifi alisema alipotulia. "Hiyo usimufundishe. Mwambie kintu hajue."

Nilihangaika Ijumaa nzima. Kuandika mateso ni rahisi, yanakuja yenyewe kwa foleni. Nilichokuwa sijawahi kuandika maishani ni asante. Hakuna ofisi inayoiomba. Nilikaa na karatasi nikagundua sijui hata inaanzia wapi, basi nikaanzia kichwani, kwenye nywele.

Jumamosi jioni barua ilikuwa tayari. Wifi naye alikuwa na yake, mistari michache ambayo hakutaka niione wala nisahihishe. Kilichobaki ni baba mdogo.

Baba mdogo ni mdogo wake marehemu baba yetu, na ndiye mkubwa pekee wa ukoo tuliyebaki naye upande huu wa dunia. Anaishi Area 25 mjini Lilongwe, ana kiduka cha sabuni na mafuta ya kupikia. Kikao cha ukoo bila yeye hakiwezi kuitwa kikao. Nilimpigia simu nikamweleza kila kitu: ini, muuguzi, kitanda cha Area 47, barua. Alisikiliza, akasema amenielewa kabisa, atakuja Jumapili baada ya ibada, na atakuja kama mtu mzima anavyokuja.

Hilo la mwisho lilipaswa kunishtua, lakini nilikuwa nimechoka.

Jumapili alishuka kwenye kabaza, baiskeli ya abiria, mbele ya mlango wa wifi, suti yake ya kahawia imejaa vumbi, na mgongoni mwa kabaza ya pili, imefungwa kwa mpira, ilikuja kreti nzima ya bia.

Kwa asiyetujua, nieleze. Kwetu milimani, nyuma ya Bukavu, neno zito la ukoo halifunguliwi na koo kavu. Iwe posa, iwe mpaka wa shamba, iwe ndugu wamegombana, wazee wanakaa kuzunguka mtungi wa kasiksi, ile pombe ya ndizi, na mwenye kesi akikubali neno la wenzake anapokea kata na kunywa mbele yao. Akikataa kunywa, amekataa neno. Hata sisi tuliookoka, ambao kanisani tunasema pombe ni dhambi, kwenye mambo ya ukoo tulikuwa tunalowanisha midomo kidogo na kumwomba Mungu aangalie kando. Malawi hakuna kasiksi. Kwa hiyo baba mdogo alifanya kwa uaminifu wote kile ambacho baba yake angefanya: alibeba bia ya chupa, kutoka Area 25, kwenye minibasi, kreti ikiwa juu ya mapaja yake, ili mwana wa kaka yake apate namna ya heshima ya kukubali kuacha pombe.

Kabaza hiyo ya pili ilijikwaa kwenye jiwe mbele ya mlango, kreti ikadondoka, kona yake moja ikapasuka. Hakuna chupa hata moja iliyovunjika. Wifi alitoka na mwiko mkononi.

"Baba mudogo. Hii njo nini?"

"Ya kikao," baba mdogo alijibu, akijipangusa vumbi.

"Mutu iko anakufa juu ya pombe, na we unamuletea pombe?"

"Mama, mi siko mujinga. Lakini akikubali, atakubali na nini? Na chai?"

Sijui wifi angemjibu nini, ama kwa mdomo ama kwa mwiko, kwa sababu tulimwona yaya anakuja kutoka njia ya sokoni. Wifi alikuwa amemwambia kuna kikao, naye alikuwa amenyoa. Alikuwa amevaa shati jeupe na anatembea kwa uangalifu, kama mtu anayetembea na sahani iliyojaa mchuzi. Mimi na wifi tulikamata kreti, huyu huku na huyu kule, tukaisukuma ndani, na palipokosekana pa kuificha katika chumba kile kimoja, wifi alivua kitenge cha pili kiunoni, akaifunika, na akaikalia.

Yaya aliingia akasalimia. Akakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Nadhani aliijua tangu mlangoni. Mtu wa pombe anaijua chupa hata ukiivisha kanzu.

Kikao kilifunguliwa kwa sala, na baba mdogo aliomba muda mrefu, akiwataja wafu wetu mmoja mmoja, na kila wifi aliposogea kidogo, chini yake chupa ziliita: kling. Baba mdogo alikohoa. Sala ikaendelea. Kling. Nilikaza meno nisicheke, na huku naogopa, maana macho ya yaya yalikuwa yamefunguka katikati ya sala na yameshikilia ule ukingo wa kitenge cha mke wake, na hayakutoka hapo.

Wifi alisoma kwanza. Barua yake ilikuwa fupi. Alisema usiku anasikiliza pumzi zake kama mtu anavyosikiliza mtoto mchanga, na kwamba amechoka kusikiliza, lakini ataendelea. Alisema anataka kuzeeka na mtu wa kugombana naye. Akaikunja karatasi. Kling.

Kisha zamu yangu. Niliyoandika bado nayakumbuka, na hapa nayaweka kama yalivyokuwa:

"Yaya, mama alipokufa hakuna mwanamke aliyebaki nyumbani wa kunisuka. Ulinikalisha kati ya magoti yako ukanisuka wewe, mistari imenyooka kama mshono wa suruali, na wasichana wa shule waliniuliza ni nani amenisuka vizuri vile nikawaambia ni dada yangu. Asante. Njiani kuja huku, nilipougua Karonga, uliuza kile kichwa cha cherehani ulichokuwa umekibeba begani tangu Uvira, ukaniambia umekiacha kwa rafiki yako akutunzie. Nilimwombea huyo rafiki kila jioni kwa miaka. Asante kwa rafiki huyo. Leo sipo hapa kwa sababu nina akili au bahati. Nipo kwa sababu ya mikono yako. Mwezi uliopita uliniita nikutilie uzi kwenye sindano, na nilitia, na nilikwenda nyumbani nikashindwa kula. Yaya, kesho kuna kitanda Area 47. Nakuomba uende. Mimi bado sijamaliza kukushukuru."

Nilinyamaza kama muuguzi alivyosema. Yaya alikuwa ameinama, viwiko juu ya magoti, na mikono yake ilikuwa inatetemeka, maana tangu asubuhi alikuwa hajanywa. Baadaye nilielewa kwamba hilo, kuja kwetu mkavu, lilikuwa tayari jibu, lakini wakati ule sikujua kulisoma.

"Ule rafiki wa Karonga," alisema hatimaye. "Ulijua siku gani?"

"Zamani, yaya. Niliendelea kumwombea tu."

Alicheka. Kicheko kilimgeukia katikati kikawa kitu kingine, akafunika uso.

Ndipo baba mdogo aliposimama. Na hapa nataka kumtendea haki, kwa sababu nimekwisha kumcheka sana katika kusimulia habari hii. Alisema neno limetoka, na neno limefika, na sasa mtoto ajibu kama watu wa kwao wanavyojibu. "Mutu akikubali, anakunywa mbele ya jamaa," alisema. "Asipokunywa, kesho atasema sikukubali, mulinifunga." Akamtazama wifi. Wifi hakusogea. Akanitazama mimi. Kwa mara ya kwanza nilimwona baba mdogo hajui afanye nini, mzee mzima katika suti ya kahawia, desturi ya baba zake iko chini ya makalio ya mkamwana wake na haiwezi kutoka.

Nikakumbuka thobwa. Wifi alikuwa amenunua kwa yule mama wa Kimalawi anayeuza mlangoni pa kanisa, kidumu kizima cha kuwapa wageni. Ni uji mwepesi wa mahindi na mtama, mtamu, wa baridi, watoto wa huku wanakua nao. Nikamimina kwenye kikombe cha plastiki nikampa baba mdogo.

Alinusa. "Inalewesha?"

"Ya leo haileweshi."

Akafikiri. Niliona kwenye paji la uso wake wazee wote wa milimani wakishauriana. Halafu akanywa funda moja, kama mkubwa anavyofungua, akapangusa ukingo kwa kiganja, akamnyooshea yaya kikombe kwa mikono miwili.

Yaya alikipokea kwa mikono miwili. Hakuweza. Thobwa ilimwagika kwenye shati jeupe, kwenye magoti, na kadiri alivyokaza ndivyo mikono ilivyozidi kucheza, na baba mdogo akageuza uso ili asimwone mwana wa kaka yake katika hali ile. Mimi nilikuwa mbali, upande wa meza. Wifi alinyanyuka. Alisahau kreti, alisahau kitenge, kitenge kikateleza na chupa zote zikabaki wazi katikati ya chumba, hatua moja kutoka mkono wa yaya. Alipiga magoti mbele ya mumewe, akashika mikono yake juu ya kikombe, na kikombe kikatulia.

Yaya alikunywa mpaka mwisho. Nilimwangalia macho, Mungu anisamehe, nilimwangalia macho tu. Alikuwa anamtazama mke wake.

"Nitaenda," alisema. "Minakubali."

Jumatatu baba mdogo ndiye aliyempeleka. Alilala kambini, akavaa suti ile ile, wakapanda pamoja mpaka mjini na kuingia Area 47, na nimeambiwa alikataa kuondoka mpaka alipoonyeshwa kitanda na kukibonyeza kwa mkono. Namshukuru kwa hilo. Namshukuru hata kwa kreti yake. Muuguzi namshukuru ingawa hajui, na kwa sababu yake sasa nikiwaandikia majirani nawauliza kwanza kama kuna mtu wa kumwambia asante kabla hatujafika kwenye turubai. Wengi wananishangaa. Wachache wanasema, andika.

Haikwenda kama mshono ulionyooka. Wakati wa mvua yaya aliteleza akarudia kachasu, siku chache zilizotuondoa roho, kisha alirudi Area 47 peke yake bila barua ya mtu. Macho yameanza kuwa meupe. Ini, daktari anasema, halitakuwa jipya, lakini linafanya kazi. Mzee wa kanisa ameshonewa suruali nyingine, na anailalamikia kwamba ile ya kwanza ilikuwa na hewa zaidi.

Bia zilirudishwa Area 25 kwenye duka ziliponunuliwa, lakini kreti yenyewe mwenye duka aliikataa kwa sababu ya ile kona iliyopasuka, na baba mdogo, ambaye hatupi kitu, akaturudishia. Ilikaa nyuma ya nyumba ya wifi ikipigwa na jua. Sasa nikipita sokoni asubuhi naikuta kibarazani. Yaya ameifunga kona kwa waya, ameishonea mto wa vipande vya vitenge, ameipindua, na hapo ndipo anapokaa akishona, mguu kwenye kanyagio, uzi umeshatiwa.

Siku ya kwanza kuiona nilimuuliza kama amekosa kiti katika Dzaleka yote.

"Bibi yangu aliikalia mpaka akachoka," alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye kitambaa. "Sasa ni mi naikalia."